Chumba cha kulala kinachokuumiza: tafuta chanzo kwa kufuata dalili

Malalamiko ya vyumba vya kulala hufanana sana, uwe Dar es Salaam, Mbeya, Unguja au Mombasa. Mtu anaamka na kichwa kizito. Mtoto anakohoa usiku, mchana hana neno. Kabati jipya linachoma macho. Madoa meusi ukutani yanarudi kila masika. Na wengi wetu tukiona hivyo hukimbilia kuongeza kitu: manukato ya kupuliza, rangi mpya juu ya ile ya zamani, dawa ya wadudu iliyo kali zaidi. Mwongozo huu unakuomba ufanye kinyume chake, uondoe kwanza. Sumu nyingi za chumbani hazikujengwa pamoja na nyumba; tunaziingiza wenyewe, kwa kuchoma, kupuliza na kuhifadhi, na kwa hiyo nyingi zinatoka bila gharama yoyote.

Kabla ya yote, fuata saa

Dalili zenyewe hudanganya, kwa kuwa kichwa kuuma kuna sababu mia. Muda ndio unaosema ukweli. Jiulize: zinaanza saa ngapi? Zinapungua nikitoka nje? Nani mwingine anazo? Kitu gani kiliingia chumbani siku chache kabla hazijaanza, iwe godoro, rangi, kabati, dawa au gunia?

Kisha lala sebuleni au chumba kingine usiku mbili tatu bila kubadilisha jambo lingine. Ukipata nafuu, chumba kina kesi ya kujibu. Usipopata, au ukiwa na homa, nenda kituo cha afya upime malaria na mengineyo kabla hujaanza kuhamisha samani.

Mnaamka na kichwa kinachogonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu

Soma sehemu hii hata kama dalili yako ni nyingine, maana hapa ndipo watu hufa.

*Jiko la mkaa.* Baridi ya Juni na Julai huko Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto na Arusha huwafanya watu waingize jiko ndani. Kwingineko jiko huwekwa chumbani kwa mzazi aliyetoka kujifungua ili yeye na mtoto wapate joto. Wengi husubiri moshi uishe ndipo waliingize, wakiamini mkaa uliokolea ukawa mwekundu hauna madhara. Sivyo. Moshi ukiisha, mkaa unaendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha koo wala macho. Gesi hii hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, na aliyelala haamki kuikimbia kwa sababu hakuna kinachomkaba. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Chetezo chenye makaa kilichosahauliwa pembeni ya kitanda ni jiko dogo, na jenereta iliyowekwa barazani chini ya dirisha hufanya kazi ileile.

Cha kuangalia: je, mliolala chumba hicho mnaumwa wote kwa pamoja? Hakuna homa? Mkikaa nje mnapata ahueni? Hapo ndipo wengi hupotea njia. Kichwa, kichefuchefu na uchovu hupelekwa moja kwa moja kwenye malaria. Kipimo kinatoka hakuna kitu, mgonjwa anapewa dawa ya maumivu, anarudi kulala palepale. Mweleze mhudumu waziwazi kwamba mlilala na jiko. Na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kisiwatulize, kwani hakiwezi kutofautisha oksijeni na gesi hii ndani ya damu, kwa hiyo huonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini.

Acha kila kitu utafute msaada iwapo mtu haamki vizuri, anaongea ovyo, ametapika, amezimia, au ni mjamzito hata kama anajisikia nafuu, kwa sababu mtoto wa tumboni huathirika kuliko mama. Fungua milango, mtoe nje kwanza, ndipo upige simu. Tanzania Zimamoto ni 114, Kenya dharura ni 999. Dawa yake ni oksijeni hospitalini. Maziwa hayasaidii kitu.

Kwa baridi yenyewe, tumia blanketi la pili, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa khanga. Jiko likiwashwa sebuleni, milango iwe wazi, na litolewe nje kabla mtu wa kwanza hajalala.

*Dawa ya wadudu iliyopulizwa jioni.* Kosa la kawaida ni kupuliza saa tatu usiku, kufunga dirisha ili mbu wasiingie, na kupanda kitandani muda huohuo. Lebo za dawa hizi karibu zote zinasema utoke, uache mlango umefungwa kwa muda ulioandikwa, kisha ufungue hewa ipite ndipo uingie. Puliza mapema, watoto wakiwa nje, na kamwe usipulizie mto, shuka au ndani ya chandarua.

*Vimiminika vinavyotoa mvuke.* Chungulia uvunguni. Kopo la rangi lililobaki, chupa ya thina, galoni la petroli la dharura, dumu la mafuta ya taa. Kifuniko kikikazwa namna gani, kinavuja mvuke taratibu. Hapa niitaje pikipiki inayoingizwa chumbani usiku kwa kuogopa wezi. Naelewa hofu hiyo, maana pikipiki ndiyo riziki. Lakini tangi na kabureta hupumua petroli usiku kucha juu ya mtu aliyelala, na cheche moja inatosha kuichoma nyumba. Bora mnyororo mzito kwenye nondo za dirisha, au kukodi nafasi kwa jirani mwenye geti.

*Hewa nzito tu.* Watu wanne chumba kimoja, dirisha moja, pazia zito. Hewa haipiti kama haina pa kutokea. Acha uwazi juu ya mlango, au fungua madirisha mawili ya pande tofauti yenye wavu wa mbu. Kichwa kikipona kwa hilo, umemaliza.

Onyo: magunia ya mahindi chumbani

Nimeitenga sehemu hii kwa sababu makosa yake hayarekebishiki. Baada ya mavuno, mahindi na maharage huhifadhiwa chumbani kwa usalama, na vidonge vya kuzuia wadudu waharibifu hutumbukizwa ndani ya magunia. Vidonge vyenye fosfaidi ya aluminiamu vikikutana na unyevu wa kawaida wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Huendelea kuitoa kwa siku kadhaa, na gesi hiyo hupenya gunia, nyufa za mlango na uwazi wa juu ya ukuta hadi chumba cha pili. Dawa ya kuivunja nguvu ikishaingia mwilini haipo.

Dalili ni kifua kubana, kikohozi, kutapika, tumbo kuuma na kizunguzungu. Wengine husikia harufu kama ya kitunguu saumu au samaki waliooza, lakini usiitegemee, kwa kuwa gesi inaweza kuwepo bila wewe kunusa kitu.

Hakuna hatua ya kujaribu mwenyewe. Tokeni nyote, acheni milango wazi, nendeni hospitali na mtaje jina la vidonge. Usirudi kutoa magunia, usifagie unga wa vidonge, usimwagie maji, kwani maji ndiyo yanayoiamsha gesi. Aliyekuuzia, au afisa kilimo wa kata, ndiye wa kuulizwa namna ya kuviondoa. Msimu ujao tumia mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ambayo hunyima wadudu pumzi bila dawa yoyote, au ghala lisilogusana na nyumba ya kulala.

Kikohozi cha usiku, kifua kubana, mafua ya asubuhi

Ya kwanza kushukiwa ni dawa ya mbu ya kuchoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliopima dawa hizi za kutoka China na Malaysia, ulikuta kwamba chembe laini za moshi wa duara moja lililoungua lote zinalingana na za sigara 75 hadi 137. Mtoto mwenye pumu anavuta hiyo usiku kucha mlango ukiwa umefungwa. Simaanishi uache kujikinga na mbu, maana malaria inaua upesi kuliko moshi. Hamishia ulinzi kwenye chandarua chenye dawa kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na wavu usiotoboka dirishani. Dawa ya kuchoma ibaki barazani mnapopiga soga.

Jaribu usiku tatu bila kuichoma. Kikohozi kikipungua, hutahitaji kuendelea na orodha.

Kisichopungua, geukia matandiko. Utitiri wa vumbi hauonekani kwa macho. Hula magamba ya ngozi yetu na hustawi penye joto na unyevu, yaani pwani yote. Kinyesi chake ndicho kinachowasha pua na kubana kifua. Mto wa sufi uliopigwa miaka hadi ndani umekuwa unga ni makao yake, na unga wenyewe unatosha kumkohoza mtu: upige kiganja kwenye mwanga wa dirisha uone kinachoruka. Ubadilishe, au utie sufi mpya kwenye foronya ya kitambaa kilichofumwa kwa karibu. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki, kwa maji ya nyuzi 60 ukiweza, kwani maji baridi huondoa vumbi bila kuua utitiri. Godoro litolewe juani, lipigwe likiwa nje, si chumbani.

Kisha moshi wa udi na ubani. Ni mila yetu, na siombi mtu aiache. Fukiza nguo na chumba mchana au jioni, funga mlango kwa muda, halafu toa chetezo na ufungue madirisha mpaka moshi uishe, ndipo watu walale. Harufu hubaki kwenye kitambaa. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto mchanga wasikae ndani wakati wa kufukiza.

Chandarua kipya chenye dawa nacho huwapa wengine chafya na mwasho wa uso siku za mwanzo. Kitoe kwenye mfuko, kitundike kivulini kwa saa 24 kabla ya kukitumia, na kikichafuka kioshwe kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini. Blichi na jua kali huua dawa yake.

Kwenye kiyoyozi, safisha chujio kila mwezi, na kikidondosha maji ukutani mwite fundi kabla ukuta haujaota ukungu.

Nenda hospitali bila kusubiri ikiwa mtu anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu za mtoto zinazama anapovuta hewa, au midomo inageuka rangi.

Macho yanachoma na koo linakauka tangu samani mpya ziingie

Mshukiwa mkuu ni kabati au kitanda cha MDF au mbao za vumbi. Bodi hizi ni unga na vipande vya mbao vilivyoshikamanishwa kwa gundi, na gundi iliyozoeleka hutoa gesi ya fomaldehidi, inayowasha macho na koo. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka fomaldehidi kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004. Joto na unyevu huiongezea kasi, ndiyo maana kabati ambalo halina shida Arusha linaweza kuchoma macho Tanga mwezi wa Februari.

Fungua mlango wa kabati lililofungwa tangu asubuhi na uingize kichwa. Harufu ikipanda puani na macho yakalengwa machozi, umepata chanzo. Sasa pitisha kidole nyuma ya kabati, chini ya rafu, na kwenye matundu ya bawaba. Ukigusa ukwaruzo wa bodi tupu, kahawia, isiyo na ganda la plastiki, hapo ndipo gesi inapotokea zaidi. Mafundi huziba kingo zinazoonekana na kuacha zilizojificha.

Liache wazi mchana feni ikiwaka na dirisha likiwa wazi, kwa wiki kadhaa, nguo zikiwa kwingine. Ziba kingo tupu kwa utepe wa plastiki au vanishi ya maji, koti mbili. Kama ndiyo kwanza unaagiza, uliza bodi ya daraja E1 au E0, yaani zinazotoa fomaldehidi kidogo, au weka pesa kwenye mbao halisi: mninga ukimudu, paini iliyokaushwa vizuri usipomudu.

Lakini angalia paini yenyewe. Mbao za kijani kijani zinazouzwa kwa ajili ya paa nyingi zimetiwa dawa yenye shaba, kromu na aseniki. Hazifai kwa kitanda wala chaga, na vumbi lake halifai kuvutwa. Mabaki yake yasipelekwe jikoni kuwa kuni. Vilevile kataa chaga zilizopakwa oili chafu ya gari kuzuia mchwa, kwa kuwa oili hiyo ina metali na sumu za injini, na godoro hulala juu yake.

Rangi na vanishi za mafuta hufuata. Chumba cha kulala kipakwe rangi ya maji; ya mafuta ibaki kwa milango na vyuma, ipakwe kiangazi, na chumba kisilaliwe mpaka harufu iishe kabisa. Vanishi ya kitanda ikaukie karakana kwa fundi, si kwako.

Godoro jipya la sponji hunuka siku chache za kwanza. Linaloendelea kunuka mara nyingi bado limevaa nailoni ya dukani. Tunaiacha ili godoro lisichafuke, na kumbe tumefungia ndani jasho na mvuke. Baada ya miezi kadhaa upande wa chini unakuwa na madoa ya ukungu. Ivue siku ya kwanza, lisimamishe godoro ukutani penye upepo siku mbili tatu, kisha livalishe kava la pamba linalofulika.

Madoa meusi ukutani, harufu ya uvundo kabatini

Kwanza tambua ni nini. Unga mweupe unaobandua rangi karibu na sakafu, hasa nyumba za pwani, aghalabu ni chumvi iliyotoka kwenye mchanga au kupanda na unyevu wa ardhini. Udondoshee maji: chumvi huyeyuka. Chumvi haidhuru mapafu, ila inakuonyesha ukuta una maji. Madoa meusi au ya kijani yenye vijivinyweleo na harufu ya uvundo ni ukungu, na huo huamsha pumu na mafua yasiyoisha.

Pili, jua maji yanatoka wapi. Futa sehemu ya ukuta ikauke, bandika kipande cha nailoni kwa utepe pande zote nne, uache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa juu yake, upande wa chumba, hewa yenyewe imejaa mvuke.

Mvuke wa chumbani ndio wa kawaida zaidi: nguo mbichi zilizoanikwa ndani wakati wa mvua, bafu la ndani lisilo na dirisha, kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje. Sogeza kabati kiasi cha upana wa kiganja, anika barazani, funga mlango wa bafu na ufungue tundu lake la hewa. Maji ya ndani ya ukuta yanataka kazi zaidi: bati linalovuja, bomba lililopasuka, udongo au taka zilizorundikana nje juu ya msingi. Toka nje mvua ikinyesha uangalie maji yanapotiririkia.

Kusafisha: funika pua na mdomo kwa barakoa, loanisha, sugua kwa sabuni na maji, kausha. Usisugue kukavu, utatawanya mbegu zake chumba kizima. Ukitumia blichi, iwe peke yake na maji. Ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na bafu la ndani ni mahali padogo sana pa kukutana nayo. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kununua miezi michache.

Madoa yakizidi takriban mita moja ya mraba, dari likilegea, au mwenye pumu akiwa ndani ya nyumba, mpe kazi fundi, na mgonjwa alale kwingine hadi iishe.

Kuwashwa usiku, na hadithi ndefu ya kunguni

Vipele vitatu vinne kwa mstari sehemu zisizofunikwa, vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu kwenye mshono wa godoro na maungio ya chaga, hao ni kunguni. Mwasho usio na alama hizo, fikiria sabuni mpya ya unga ambayo haikusuuzwa vizuri, au kile chandarua kipya.

Kunguni wenyewe hawaenezi malaria. Kinachoua ni dawa yao. Mitaani wanapita wauzaji na chupa za maji zilizojazwa kitu cheupe kama maziwa, au cha njano, bila lebo, bila jina. Mara nyingi ni kiuatilifu cha shambani kilichogawanywa. Wanunuzi hukimwaga juu ya godoro, hulala humo usiku uleule, na chupa iliyobaki huwekwa palepale mtoto anapofika akidhani ni kinywaji.

Usinunue dawa isiyo na lebo, hata kama jirani anaapa kwamba imemaliza kunguni wake. Kiuatilifu halali kina namba ya usajili. Tanzania Bara msajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na Kenya ni PCPB. Kina pia utepe wa rangi chini ya lebo. Mwekundu ni sumu kali, unafuata wa njano, kisha bluu, kisha kijani. Chenye utepe mwekundu au wa njano hakina kazi chumbani kwako.

Anza na joto, ambalo kunguni hawalizoei kamwe. Vua matandiko yote, yafunge kwenye mfuko hukohuko chumbani ili wasidondoke njiani, yachemshe au yafue kwa maji ya moto sana, yapigwe pasi. Fungua kitanda kipande kwa kipande. Cha chuma kimiminie maji yanayochemka kwenye maungio na ndani ya bomba. Cha mbao kipeleke nje, mimina kwenye nyufa, acha kikauke juani, kisha ziba nyufa. Angalia nyuma ya fremu za picha, kwenye mikunjo ya pazia, kwenye begi la safari. Rudia baada ya wiki moja hadi mbili, kwa sababu mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Mafuta ya taa usitumie: yanaacha mvuke, na moto hauko mbali.

Wakirudi baada ya duru kadhaa, au nyumba ni ya wapangaji wengi wenye kuta za pamoja, mwite mpuliza dawa aliyesajiliwa. Muulize jina la dawa, muda wa kukaa nje, na kipi cha kufua kabla ya kulala. Asiyetaka kujibu, mwache aende.

Dalili za sumu ya viuatilifu vya shambani vya jamii ya oganofosfati na kabamati: mboni za macho kuwa ndogo kama nukta, mate na jasho kumwagika, tumbo kusokota, misuli kuruka ruka, pumzi kukwama. Vua nguo za mgonjwa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni huku umevaa glavu au mfuko mikononi, usimtapishe, mkimbize hospitali pamoja na chupa. Dawa zake zipo, na kila dakika ina thamani.

Mtoto mchanga anageuka manjano, na nguo zake zilihifadhiwa na naftalini

Mtoto akitarajiwa, bibi au shangazi hutoa sandukuni shuka, blanketi na khanga zilizotunzwa kwa upendo, zikiwa na vile vidonge vyeupe vya kuzuia wadudu. Naftalini hupenya kwenye kitambaa, mtoto huivuta na huingia kupitia ngozi, zaidi akiwa amepakwa mafuta. Kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea maeneo ya malaria kama yetu, naftalini hupasua chembe nyekundu za damu. Manjano hupanda haraka, na yakizidi huharibu ubongo. Umoja wa Ulaya uliondoa vidonge hivi sokoni mwaka 2008. Kwetu bado vinauzwa kwa pakiti karibu kila soko.

Angalia weupe wa macho na ufizi wa mtoto kwenye mwanga wa mchana. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, yanayofika miguuni, mkojo mweusi kama soda, mtoto mlegevu asiyenyonya: hospitali sasa hivi, na mtaje naftalini. Kumwanika juani hakutoshi.

Nyumba yenye mjamzito iondoe vidonge vyote kabatini, sandukuni na bafuni, nguo zote zifuliwe na zianikwe kwenye upepo siku kadhaa hadi harufu iishe kabisa. Nguo zinazohifadhiwa zikiwa zimefuliwa, zimekauka kikweli na kufungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa hazihitaji kidonge. Wadudu hufuata jasho na mabaki ya chakula. Mtoto mkubwa akimeza kidonge, usimpe maziwa wala mafuta, kwa kuwa huharakisha naftalini kuingia mwilini; nenda naye hospitali ukiwa na pakiti.

Rangi inabanduka, mtoto anatafuna fremu ya dirisha

Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano, chungwa, nyekundu na kijani kikali, na rangi nyekundu ya kuzuia kutu kwenye nondo, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na linapendekeza rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Mtoto haonyeshi dalili ya wazi. Masomo hushuka, hasira huzidi, tumbo huuma na choo huwa kigumu. Anayefanya kazi ya betri au gereji naye huleta risasi nyumbani kwenye nguo zake, kwa hiyo abadilishe na kuoga kabla ya kupanda kitandani.

Sogeza kitanda cha mtoto mbali na dirisha hilo leo. Futa kingo na sakafu kwa kitambaa kibichi kila wiki, usifagie kukavu. Rangi iliyoshikamana ifunikwe kwa rangi mpya ya maji iliyoandikwa haina risasi. Inayobanduka isipigwe msasa mkavu wala kuchomwa kwa moto: loanisha kwanza, tandika nailoni chini, watoto na wajawazito wakiwa hawapo nyumbani mpaka usafi uishe. Kama mtoto amekuwa akizitafuna, kipimo cha damu katika hospitali ya rufaa ndicho kitakachosema.

Na fundi akipanda kutazama dari la nyumba ya zamani akakuambia ni shiti za asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu zikivutwa, kazi isimame hapo. Zisitobolewe, zisikatwe, zisivunjwe, zisifagiliwe. Zikiwa nzima na hazijachokozwa ni salama kuliko zikiguswa. Zilizopasuka juu ya kitanda, hameni chumba hicho, na mtafute mkandarasi aliyeidhinishwa na mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania Bara au NEMA kwa Kenya, kabla kipande chochote hakijashushwa.